Picha Ikosolewe Pale Ilipopigwa

Kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma ni kama kilomita 100, na kosta niliyopanda asubuhi moja ya Julai ilizimaliza kwa mwendo wa barabara ya malori: kukimbia kidogo, kufuata mkia wa semi, kuotea nafasi, kulipita, kisha kukuta jingine mbele. Nilikaa dirishani, begi la kamera mapajani, kwani sikuwa nimewahi kuvuka Mbalizi kuelekea magharibi na sikutaka kupitwa na kitu. Tulipita Songwe penye kiwanda cha saruji, tukapanda Senjele huku malori yakinguruma kwa gia ndogo, tukaingia Mlowo ambako abiria wengi walishuka na magunia yao, tukapita Vwawa yaliko makao makuu ya mkoa. Mkoa wenyewe bado ni mchanga. Songwe ulianzishwa mwaka 2016, ulipomegwa kutoka Mbeya ukiwa na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe.

Vitabu vingi vya picha za Tanzania huanzia Serengeti, vikapanda Kilimanjaro, vikaishia kwenye fukwe za Zanzibar. Nyanda za Juu Kusini hupata kurasa chache, na Tunduma ikitokea humo basi ni foleni ya malori. Nilitaka kuiona nchi iliyo nyuma ya foleni hiyo. Rafiki yangu, mwalimu wa sekondari pale Tunduma na mpenzi wa kamera tangu tulipokuwa chuoni, alinikaribisha kwa simu na kunipa sharti moja.

"Njoo, kaka, karibu sana. Ila huku picha zako tutazitazama kabla hujaondoka nazo."

Sharti hilo ndilo lililoniletea faida kubwa kuliko yote niliyoyapata katika safari ile, na ndilo lililonifanya niandike.

Foleni ilianza Mpemba. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara hadi macho yanapokomea. Yanayokwenda Zambia na Kongo yalibeba mafuta na makontena. Yanayorudi bandarini Dar es Salaam yalibeba shaba. Madereva walikuwa wamewasha majiko pembeni ya matairi wanachemsha chai, na mmoja alikuwa ananyoa ndevu kwa kujitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari lake. Mji unaifuata barabara hadi kwenye Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2019, na ng'ambo yake ni Nakonde, Zambia. Mgeni huona mji mmoja. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na shilingi na kwacha hubadilishana mikono siku nzima. Tofauti iko kwenye saa, kwa sababu Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja kamili.

Mwalimu alinipokea stendi, akanieleza mawili ya kuanzia. La kwanza, kwenye majengo ya forodha, uhamiaji na polisi kamera haitoki kwenye begi bila kibali. La pili lilihusu jua. Tunduma iko mbali magharibi, hivyo mwezi Julai jua hutoka saa moja ikiwa imeshapita, karibu nusu saa baada ya kutoka Dar es Salaam. "Ukiamka kwa saa za Pwani utakaa gizani unapigwa baridi," alisema.

Kesho yake alfajiri nilipanda mwinuko ulio upande wa Mpemba, nikapiga picha ya barabara na malori yake, vilima vikiwa vimepangana nyuma. Jioni mwalimu alinipeleka studio.

Studio ile ni chumba kimoja kwenye mtaa wa maduka. Ukutani kuna turubai lililochorwa maporomoko ya maji na ngazi za mawe, na chini yake kigoda cha mteja wa picha ya pasipoti, ambazo ndizo zinazoliendesha duka, kwani mji wa mpakani hauishi watu wanaohitaji hati. Mwenye duka ni mzee aliyeanza kazi hiyo enzi za mkanda, akisafisha picha za nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza ambacho sasa ni stoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu. Mwalimu ameniambia unapiga nchi, hupigi watu."

Aliichapa picha yangu kwenye mashine yake, akaiweka mezani chini ya taa, akatoa kwenye droo vipande viwili vya kadi ngumu vyenye umbo la herufi L, alivyovikata kutoka kwenye boksi la karatasi za picha. Ukivikutanisha vipande hivyo unapata dirisha, nawe unaweza kulipanua na kulibana juu ya picha bila kuikata. Hakusema lolote kwa muda. Kisha aliuliza mambo mawili.

"Ulisimama wapi?"

Nikamweleza.

"Ulitaka nione nini?"

Nikamjibu kwamba nilitaka aone jinsi barabara inavyopita katika nchi kubwa, na jinsi malori yalivyo madogo ndani yake.

Hapo ndipo alipoanza kuvisogeza vile vipande vya kadi. "Jicho langu linaingia hapa chini, linayafuata malori, linakwenda vizuri. Likifika kwenye nguzo hii ya umeme linakwama. Nguzo yenyewe haina ubaya. Ila pale uliposimama imeota juu ya kichwa cha lori." Akavisogeza tena, akabana upande wa kulia nguzo ikatoka, na pamoja nayo likatoka lile lori la mbele lililokuwa limebeba uzito wa picha. "Unaona? Huku mezani haiponi. Itapona kule kule." Halafu akaupitisha mkono juu ya vilima. "Na vumbi liko wapi?"

Nilimwambia nilikuwa nimelipunguza kwenye kompyuta ili vilima vionekane vizuri.

"Baba, Julai hapa vumbi ndilo linalotuonyesha umbali. Kilima cha karibu kina rangi yake, cha pili kimefifia, cha tatu kimefifia zaidi. Ukilifuta, vilima vyote vinakuja kusimama mlangoni. Ulisema unataka nione nchi kubwa. Ukubwa wake umeufuta wewe." Aliyasema hayo kwa upole, akaigeuza picha kunielekea. "Kesho nenda upande wa pili wa reli, jua likiwa bado chini."

Nilikwenda. Reli hiyo ni ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na inavuka mpaka hapo Tunduma. Nikiwa upande ule, nguzo za umeme zilikaa nyuma yangu, na jua la pembeni liliwasha vumbi lililotimuliwa na matairi. Vilima vilijipanga kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kwa rangi yake. Mzee alipoichapa picha hiyo jioni alisema, "Sasa naweza kutembea humu," na papo hapo akanionyesha kwamba sehemu ya mbele ilikuwa na giza mno.

Giza hilo alisema linaweza kutibiwa mezani, akanisimulia walivyokuwa wakilitibu zamani. Katika chumba cha giza, mwanga wa mashine hupita kwenye mkanda na kuangukia karatasi, na kadiri unavyokaa ndivyo karatasi inavyozidi kuwa nyeusi. Fundi akiuzuia kwa kiganja sehemu moja, sehemu hiyo inabaki na weupe. Akitaka anga lizidi kukolea, huliachia mwanga zaidi huku akifunika chini. Mzee alinionyesha kwa mikono mitupu juu ya meza, akiitikisa kidogo kidogo ili mpaka wa kivuli usionekane. Mmarekani Ansel Adams, ambaye jina lake halikosekani picha za mandhari zinapozungumzwa, alifanya hivyo hivyo kwa picha yake mashuhuri ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, aliyoipiga mwaka 1941. Aliendelea kuichapa upya kwa miongo kadhaa, na anga lake likazidi kuwa jeusi kadiri miaka ilivyosogea. Picha ilikuwa imeshapigwa, naye bado alikuwa anaikosoa.

Maneno ya mzee yalinionyesha tofauti ambayo wapiga picha wengi tunaivuruga. Kuna kasoro ya mguu, yaani mahali uliposimama, saa uliyofika, kimo cha kamera, na nani au nini umemwacha nje. Kuna kasoro ya meza, yaani mwanga, rangi na namna ya kukata. Na kuna upendeleo wa mtazamaji, ambao si kasoro. Anayekosoa akiyachanganya matatu haya humwacha mwenzake hajui pa kuanzia. "Sijaipenda" ni upendeleo. "Iko giza" ni kasoro ya meza, na dawa yake haizidi dakika chache. "Nguzo imeota kichwani mwa lori" ni kasoro ya mguu, na hiyo haina dawa ila kurudi.

Wengi wetu hatuyasikii maneno ya namna hiyo. Tunasikia "nzuri sana, hongera", kwa sababu mwenzetu anachelea kutuudhi. Au tunasikia picha ikipondwa mbele ya watu, kwa sababu anayeiponda anataka kuonekana mjuzi. Sifa na kejeli zinafanana kwa jambo moja: zote zinakuacha pale pale ulipokuwa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na katika sanaa anayelia ni sanaa yenyewe.

Mwishoni mwa juma mwalimu alinipeleka Kimondo. Kimondo cha Mbozi kiko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, karibu na kijiji cha Ndolezi, na Wanyiha wanaoishi hapo walikijua kabla wanasayansi hawajakiandika mwaka 1930. Ni bonge la chuma lililochanganyika na nikeli, lenye urefu wa kama mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 au zaidi. Sasa eneo hilo linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kimondo kimekaa ndani ya shimo lililochimbwa kukizunguka, juu ya msingi wa saruji, na upande mmoja una alama za waliokata vipande vya kwenda kupima.

Ni kitu kigumu kukipiga picha. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima; ikikuta nyasi kavu za Julai zinang'aa, hupunguza mwanga, na chuma kinageuka doa jeusi lisilo na sura. Dawa ni kupima mwanga kwenye chuma chenyewe, au kungoja hadi alasiri, jua linapokipiga kwa ubavu na mabonde madogo ya uso wake yanapata vivuli. Tulingoja. Mwalimu alipiga, nami nikapiga, tukabadilishana kamera pale pale kwenye nyasi.

"Yako imetoka," aliniambia. "Mng'aro wa chuma upo, hata hizi alama za msumeno zipo. Lakini mtu asiyewahi kufika hapa atajuaje kama si jiwe la kushika mkononi?"

Kabla sijajibu, kijana anayetembeza wageni, aliyekuwa akitusikiliza, aliomba naye aione. Akaitazama, akasema neno ambalo katika kazi yake bila shaka amelifikiria mara nyingi. "Kaka, wote wanaokuja wanalipiga hili bonge kama limewekwa dukani. Liliangukia mahali. Pitieni huku nyuma." Tukazunguka. Kutoka upande wa juu, kimondo kinakuwa chini ya macho, na nyuma yake nchi inashuka: mashamba yaliyovunwa mahindi, paa za bati, njia nyekundu, kisha vilima. Mwalimu akashuka akasimama kando ya chuma, mkono mmoja juu yake, na ukubwa ukapata kipimo. Picha hiyo ndiyo niliyoichapa.

Njiani kurudi tulipita kwa mama mmoja mkulima wa kahawa, ndugu wa mwalimu kwa upande wa mkewe. Mbozi ni nchi ya kahawa ya arabika, na Julai ni wakati wa mavuno. Matunda mekundu yalikuwa yamejaa ndoo mlangoni. Siku iliyotangulia nilikuwa nimelipiga shamba lake tokea barabarani, na nilikuwa na nakala iliyochapwa ya kumpa. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda nayo kwenye mwanga wa mlangoni. Alikaa nayo kitambo.

"Mwanangu, ni nzuri. Lakini umelipiga upande wa barabara. Vumbi lote la magari limekaa kwenye majani haya. Anayeiona huko mbali atasema kahawa ya Mbozi imekufa, au atasema mama huyu hapalilii."

Nikamwuliza yeye angesimama wapi.

"Panda pale kwenye kichuguu. Utaiona migomba niliyoipanda katikati, utaiona na mitaro aliyoichimba baba yao kuzuia maji. Hiyo ndiyo kazi ya shamba hili."

Hakuna mwalimu wa upigaji picha aliyewahi kuniambia kwamba picha ya mandhari ni neno juu ya mwenye ardhi. Tunapofundishwa habari za mandhari tunafundishwa theluthi, mistari, mwanga wa asubuhi na wa jioni. Mama yule aliona jambo lililo mbele ya hayo yote. Nchi ina watu wanaoilima, na picha yake inaweza kuwasema vizuri au vibaya hata kama hakuna mtu ndani yake. Nilipanda kichuguu. Mitaro ilionekana yote, ikikata mteremko kwa mistari iliyopishana na migomba, na mpangilio ambao nisingeweza kuubuni ulikuwa umeshatengenezwa kwa jembe miaka mingi kabla sijafika.

Usiku ule, tukila ugali kwa mwalimu, mazungumzo yaliingia kwenye mashairi, kwani yeye anafundisha Kiswahili. Alinikumbusha habari za gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, ambamo washairi walikuwa wakijibizana. Mmoja akitoa shairi, mwingine alilijibu kwa shairi, akifuata bahari, mizani na vina vya mwenzake. Aliyetaka kukosoa alilazimika kufanya kazi ile ile aliyokuwa anaikosoa, chini ya masharti yale yale. "Basi na sisi tujibizane kwa picha," alisema. "Ukiona yangu ina upungufu, usinihutubie. Simama pale niliposimama, piga yako, uniwekee mezani."

Tulianza na binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anamsaidia mama yake dukani. Hupiga picha kwa simu. Alileta moja aliyoipiga kwenye njia ya miguu inayopita kati ya mabua ya mahindi karibu na mpaka, upande huu Tanzania, upande ule Zambia, na katikati hakuna kitu cha kuzitenganisha. Mwalimu alinitaka niseme.

Nilifuata njia ya mzee. Nikamwuliza alisimama wapi, akaeleza. Nikamwuliza alitaka nione nini. "Nilitaka uone kwamba mpaka hauonekani," akajibu. Nikamwambia nilichokiona: njia, mabua, na anga lililochukua zaidi ya nusu ya picha, tupu, lisilo na wingu. Nikasema kwa maoni yangu anga limekula nafasi ya njia.

"Lakini kaka, anga ndilo lenyewe," akasema. "Chini kuna njia, mtu anaweza kudhani hiyo njia ndiyo mpaka. Juu hakuna kitu cha kudhania."

Jibu lake lilibadilisha ukosoaji wangu. Kusudi lilikuwa la kwake, na lilikuwa na maana. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia alifikie, wala si kumpa la kwangu. Nikamwuliza kama kuna saa ambapo anga la pale linakuwa na kitu kinachovuka. Akafikiri. Akasema jioni, watu wanapochoma mabua au kuwasha majiko, moshi hulala chini, na upepo huupeleka ng'ambo. Hakungoja aambiwe zaidi. Kesho yake alileta picha nyingine kutoka mahali pale pale: anga bado kubwa, njia bado nyembamba, na utando wa moshi ukiwa umelala juu ya mabua ya nchi mbili. Mwalimu aliiweka mezani kando ya ile ya kwanza, na mzee wa studio, aliyekuwa ameitwa, alivitoa vile vipande vyake vya kadi, akavizungusha, akavirudisha mfukoni bila kukata popote.

Kisha ikaja zamu yetu. Tulikwenda Mlowo, tukakamata njia ya Kamsamba kwa bodaboda mbili, hadi mahali ambapo uwanda wa juu unakatika. Mbozi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Rukwa uko kama mita 800. Nchi inashuka kati ya vimo hivyo viwili kwa genge lenye misitu ya miombo, na chini linalala Bonde la Rukwa, lenye ziwa linalopokea mito ya Momba na Songwe na ambalo halina mto unaotoka. Ziwa lenyewe hatukuliona, kwa ajili ya vumbi la kiangazi. Tuliona tambarare, rangi ya majani makavu, ikienda mpaka ikageuka hewa.

Nilipiga kwa lenzi pana, nikachukua bonde lote. Mwalimu alivuta kwa lenzi ndefu, akachukua mji mmoja wenye nyumba tatu chini kabisa, na mwembe. Tukakaa kwenye jiwe, tukabadilishana kamera.

Nilimwambia, "Nyumba ziko vizuri, na mwembe umezishika pamoja. Lakini sijui mimi niko wapi. Ningeweza kuwa nimesimama kwenye dari la nyumba ya jirani." Akaitazama tena, akanyanyuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akashusha kamera hadi nyasi za ukingo zikaingia sehemu ya chini ya fremu. Kwa ule ukanda mwembamba wa nyasi, nyumba zile zikashuka ghafla hadi mahali pake, mbali chini ya miguu yetu.

Naye akasema juu ya yangu, "Bonde lako halina kina. Ni pana, lakini ni bapa." Ilikuwa saa nane mchana. Alinionyesha kwa mkono jinsi genge linavyotazama upande wa kaskazini mashariki. "Jua likihamia nyuma yetu, genge litaanza kuangusha kivuli chake bondeni. Kivuli hicho kitasogea juu ya tambarare, nawe utaona pale ardhi ilipovunjika. Tukae." Nilimwomba radhi dereva wa bodaboda kwa kumweka, akasema hana haraka, akalala chini ya mti. Kuanzia saa kumi kivuli kilianza kutoka. Kilipofikia nusu ya zile nyumba tatu nilipiga tena, na safari hii bonde lilikuwa na sakafu, ukuta na kina.

Nikizitazama sasa picha za safari ile, naona kila iliyo bora ina mtu aliyenirudisha: mzee wa studio, kijana wa Kimondo, mama wa kahawa, mwalimu. Hakuna aliyenisifu kwa adabu tu, na hakuna aliyenivunja. Kila mmoja alinipa mahali pa kusimama au saa ya kungoja. Huo ndio upimaji ninaoutumia sasa kwa ukosoaji wowote, ninaopewa na ninaotoa. Nauliza: baada ya maneno haya, miguu inajua pa kwenda?

Ndiyo maana nasisitiza picha ikosolewe pale ilipopigwa. Sisi tunaotoka mijini huja mikoani, tukapiga, tukapanda basi, kisha tukazionyesha kazi zetu Dar es Salaam au Nairobi mbele ya watu ambao hawajawahi kuvuta vumbi la Mpemba. Hao wanaweza kutueleza habari za rangi na mistari, na tunawahitaji kwa hilo. Hawawezi kutueleza kwamba majani yamechafuliwa na magari, wala kwamba kivuli cha genge hutoka saa kumi. Na hata wangejua, tumeshafika mbali; kosa la mguu linakuwa halina dawa tena.

Tunduma ina studio zenye mashine za kuchapa, na ina watu wanaoijua nchi yao kwa kuilima na kuipita kila siku. Ukienda, tenga sehemu ya muda wako ibaki baada ya kupiga. Chapa picha zako hapo hapo, uwaonyeshe wenyeji, uwaambie ulitaka waone nini, na uwaulize wao wangesimama wapi. Kisha nenda ukasimame hapo, kamera ikiwa mkononi.